Upande wa Ndani wa Mkia

Majirani walimwita mume wa mama huyu Rubani, ingawa rubani huyo hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, ya kulipia wala ya bure. Mpaka anastaafu alikuwa fundi wa lifti. Maisha yake yote alipanda na kushuka ndani ya majumba ya watu, katika shimo la giza, kati ya kamba za chuma zilizojaa grisi, na katika kupanda kote huko hakuona hata wingu moja. Huenda wazimu ulianzia hapo. Siku ya kumuaga kazini walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na kabla mwaka haujaisha likafika mlangoni kasha refu la mbao, ndani yake mabati ya alumini yamefungwa kwa karatasi vizuri kama mashuka mapya.

"Hiki nini?" mkewe aliuliza.

"Mkia," alijibu mumewe, anachekacheka kama bwana harusi.

"Mkia wa nini?"

"Wa ndege yetu."

Mama wa watu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, miguu inamwaka moto, na katika maneno yote hayo lililomwingia sikioni vizuri ni lile "yetu". Alijua hapo hapo kwamba ameshaingizwa.

Yeye alikuwa msimamizi wa chumba cha pasi kwenye kitengo cha udobi cha hospitali, na huko walimwita Mama Pasi. Kutwa alisimama mbele ya mashine kubwa ya mvuke inayomeza shuka lililokunjamana upande huu na kulitema limenyooka upande wa pili. Alipokea, akakunja, akapanga, mashuka ya waliopona na ya wasiopona, yote yananukia sabuni ile ile. Joto la mle ndani halizoeleki, na wanaosema wamelizoea wanajidanganya. Jioni alikuwa na haja ya maji ya kuoga, chakula na godoro, basi. Watoto walikuwa wameshajitegemea, binti kaolewa mbali, kijana yuko kazini mbali zaidi, na mama aliona kwamba sasa ni zamu yake ya kupumzika. Alikuwa ameingoja zamu hiyo miaka mingi bila kumsumbua mtu.

Badala yake akapata mkia.

Ndege za namna hii huuzwa kwa makasha, na mwenye kununua hujiungia mwenyewe nyumbani: kasha la kwanza mkia, la pili mabawa, la tatu kiwiliwili, na injini mwisho kabisa, kwa yule atakayekuwa bado yu hai na ana akili timamu. Huanza na mkia makusudi, kwa kuwa mkia ni mdogo, na fundi mgeni akiuharibu hasara yake inabebeka. Wengi huishia hapo hapo. Mumewe alimweleza yote haya kwa furaha kubwa, huku akilisukuma kochi kulitoa sebuleni. Televisheni iligeuzwa ikatazama ukuta isiingiwe na chenga za bati. Milango miwili ya zamani ikalazwa juu ya vigoda ikawa meza ya kazi, na kompresa, mashine ya kushindilia upepo, ikawekwa karibu na jiko, ikinguruma kila mara mtu akitaka kuchemsha chai.

Kwa muda fulani mama hakuguswa na shughuli hiyo, akala na kulala zake. Kisha ikafika kazi ya ribiti, vile vipini vya kuunganishia mabati, na ribiti za ndege haziwezi kupigwa na mtu mmoja.

Iko hivi. Bati la nje na mbavu za ndani hutobolewa matundu yanayolingana, ribiti ikapenyezwa kutoka nje, kichwa chake kikalala juu ya bati. Mtu wa nje huiwekea bunduki ya upepo na kuigonga. Mtu wa ndani hushikilia kipande cha chuma kizito nyuma ya ribiti, ili ncha ya ribiti ikigongwa ibonyee na kuwa kama kitufe, vitu viwili vikawa kimoja. Chuma kikikaa upande, ribiti inapinda. Kikichelewa, bati linabonyea na doa lake halitoki tena. Na hawa wawili hawaonani, bati liko katikati yao.

Mume alikuwa na mikono minene. Haikupita kati ya mbavu za lile bawa dogo la nyuma, lile linalolala chini ya mkia kulia na kushoto. Mkono wa mkewe ulikuwa mwembamba, mrefu, na ulizoea moto. Mkono huo ndio uliomponza.

"Dakika chache tu, mke wangu," Rubani alisema jioni ya kwanza.

Basi ikawa hivyo kila siku. Mama anaingia, anaweka mkoba, anavua viatu, ananawa, anakaa kwenye kigoda upande wa nyuma ulio wazi, anaingiza mkono mpaka begani na chuma kiganjani. "Tayari," anasema. Bunduki inapiga, mkono mzima unatetemeka mpaka kwenye meno. Kisha anakipapasa kile kitufe kwa ncha ya kidole. "Sawa," anasema, au "Mbovu". Halafu nyingine. Wakati wa chakula bega lake lilikuwa limekufa ganzi, akawa anakula kwa mkono huo huo wa kulia kwa kujilazimisha, tonge moja moja, macho yanafumba.

Si kwamba hakulalamika. Alilalamika, tena kwa sauti. Lakini mumewe alikuwa na ujanja wa watu wapole: hakubishana. Alimwambia pole, akamletea maji ya uvuguvugu ya kuweka miguu, akasema imebaki kidogo. Kusema kweli kipande cha wima kilikwisha vizuri, usukani wake wa nyuma ukaisha, vibawa vya kupinda vikaisha, vyote vikatundikwa ukutani vinang'aa. Lililobaki lilikuwa lile bawa la kulala. Na hilo likawa halina mwisho.

Kila jioni mumewe alimpokea na habari mbaya. "Zile za jana zimeharibika," angesema, anakwepa kumtazama. "Nimezikagua mchana. Imebidi nizing'oe." Na mama angekuta mstari aliouacha umejaa, leo mweupe, matundu matupu yanamtolea macho. Wangeanza upya. Kesho yake mstari mwingine. Mama akaanza kuamini kosa ni lake. Alijiambia uchovu umemharibu kidole, anasema "Sawa" wakati si sawa. Kazini akawa anapapasa vifungo vya magauni ya wagonjwa akijijaribu, mpaka wasichana wa chumba cha pasi wakamuuliza kama anatafuta kitu.

Jumapili moja alikuja wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke asiyeweza kupita mbele ya kioo wala mbele ya jambo la watu bila kusimama. Alikaa kwenye kochi lililohamishiwa ukumbini, kikombe mkononi, akalitazama bawa kwa jicho la pembe.

"Wifi, na hii itatokea wapi ikiisha? Dirishani?"

"Mlangoni. Itapita kiubavu. Kaka yako alipima mlango kabla hajaagiza."

"Na ikiruka utapanda?"

"Mimi? Mimi nitabaki chini nilale."

Wifi alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha mama akamweleza habari ya ribiti zinazoharibika, na yule akaacha kucheka.

"Kaka yangu? Arudie kazi? Huyo alikuwa akikaza skrubu, imekazwa. Nimemjua tangu tukiwa watoto."

"Basi ni mimi," mama alisema.

"Ni uzee, wifi yangu. Tumekula chumvi nyingi sote." Wakakubaliana kwamba ni uzee, kwa kuwa uzee haukuwepo pale kujitetea.

Wiki ile ile boila la hospitali likapasuka bomba. Hakuna boila, hakuna mvuke, na bila mvuke chumba cha pasi ni chumba tu cha watu waliosimama. Waliambiwa warudi nyumbani mapema. Mama alitembea polepole njia nzima, akiwaza godoro. Kulikuwa na jua bado. Alihesabu kwamba akifika angelala kidogo kabla Rubani hajamwita, na wazo hilo lilimfurahisha kuliko lilivyostahili.

Alivua viatu kibarazani kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, akaingia pekupeku. Sebuleni mumewe alikuwa ameinama juu ya bawa, amempa mgongo, viziba masikio vimemfunika masikio yote mawili. Mkononi alishika kile kibati kidogo cha kupimia, chenye pengo linaloonyesha kitufe kizima kilivyo. Mama alimwona akikiingiza ndani ya mbavu na kukipachika kwenye ribiti moja. Kikakaa barabara. Akaijaribu ya pili, kikakaa. Ya tatu akaisogezea uso karibu kabisa, kichwa kakipinda kama kuku anayetafuta punje, kikakaa vilevile. Rubani akaweka kipimo chini, akavuta pumzi, akachukua drili, akaanza kuzing'oa zote tatu, moja baada ya moja.

Mama hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume mpaka nje, akakaa kibarazani karibu na viatu vyake. Hasira ilimpanda mpaka ikamsahaulisha usingizi, na hilo peke yake lilikuwa kosa ambalo hakudhani angelisamehe. Aliwaza bega lake. Aliwaza zile jioni zote, maji ya uvuguvugu, zile pole. Miezi yote hiyo anajiona kidole chake kimekufa, kumbe anachezewa! Akataka kuingia amvunjie mkia wake. Akataka pia kulia, lakini kulia kulihitaji nguvu.

Alikaa pale mpaka saa yake ya kawaida ya kurudi ikafika. Ndipo akainuka, akaingia kwa kishindo, akaweka mkoba.

"Umerudi," Rubani alisema. Alikwepa kumtazama. "Pole na kazi. Bahati mbaya, zile za jana…"

"Zimeharibika."

"Imebidi nizing'oe."

"Sawa," mama alisema. Akanawa, akakaa kwenye kigoda, akaingiza mkono mpaka begani, akakishika chuma. Kwa ncha ya kidole akayapapasa matundu. Alikuwa hajawahi kuyapapasa yakiwa matupu. Yalikuwa mapana. Bati la ndege ni kama shuka la hospitali, huwezi kulirudia na kulirudia bila kulila. Kila ribiti ing'olewapo tundu hupanuka kidogo, na ribiti nene zaidi hutafutwa, mpaka pasibaki bati la kutosha kushika chochote. Mengine yalikuwa yamefika karibu na huko.

"Tayari?" Rubani aliuliza kutoka upande wa pili.

Mama aliendelea kupapasa.

"Mke wangu, tayari?"

"Leo boila liliharibika," alisema. "Nilirudi mchana."

Kompresa ilinguruma huko jikoni, ikajaa, ikazima.

"Nilikuona na kipimo," mama akaendelea. "Nilikuona na drili. Usiniambie kitu kuhusu ribiti, nitakurushia hiki chuma. Niambie sababu."

Rubani angekuwa anamwona mkewe uso, huenda asingesema. Lakini bati lilikuwa katikati, na sauti ya mumewe ilipotoka ilikuwa ndogo, ya mtu aliye ndani ya shimo la lifti.

"Kasha la mabawa haliji."

"Kwa nini?"

"Nilikwenda kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto linakufa, na la kulia linalifuata. Akaniambia nisahau kurusha ndege. Akaniambia nisahau hata baiskeli."

"Lini?"

"Kabla hatujaanza hili bawa."

Mama alihesabu moyoni, akaona ni muda mrefu mno. Wote wawili walikuwa wamelala kitanda kimoja muda wote huo.

"Basi si ungesema? Si tungeacha? Mimi nasimama kutwa nzima kwenye moto, narudi nakupa mkono wangu, na wewe unaujua mwisho wake!"

"Tungeacha, ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa tungeacha halafu ingekuwaje? Unarudi, unakula, unalala. Sikulaumu, umechoka. Tangu watoto waondoke ni hivyo. Hapa angalau unakaa. Unasema 'tayari'. Unasema 'sawa'."

"Hayo ni maneno mawili!"

"Ndiyo niliyokuwa napata," alisema Rubani.

Mama alibaki na mkono wake mle ndani, hauondoi wala haufanyi kitu. Angependa kusema alilainika pale pale. Hakulainika. Alikuwa na huruma na alikuwa na hasira, na vyote viwili vilikuwa vimechoka kama yeye.

"Ungeniomba nikae nawe."

"Ungekaa?"

Alifikiri. Lilikuwa swali la kujibiwa kwa kweli, au basi lisijibiwe kabisa. "Hapana," alisema. "Ningekuambia kesho. Ningelala."

"Naam."

"Lakini usingenila bega. Na usingelila hili bati. Haya matundu yamekwisha, baba. Ukiyarudia tena huna mkia, una chujio."

Alisikia mumewe anacheka kidogo, kisha akasikia si kicheko tena. Alimwacha. Alipomsikia anavuta kamasi akasema, "Lete zile nene. Tunalifunga hili bawa, na hung'oi hata moja. Nimeshasema."

"Kwa nini tulifunge? Haliendi popote."

"Kwa sababu nimelifia. Sitaki kulitazama liko wazi."

Walifanya kazi jioni ile na zilizofuata bila maneno ya ziada. Mama alipiga moyo konde, akawa anasema "Tayari" kwa ukali kama askari, na bunduki ikawa inapiga. Sasa alipapasa kila kitufe akijua kidole chake hakina kosa, na hilo lilimpa raha kidogo, ya kinyonge. Rubani alizitafuta ribiti kwa kuupeleka uso karibu na bati mpaka pua ikaligusa. Mwanzo mama alidhani ni madoido ya fundi. Sasa alijua, akawa anamsubiri bila kumharakisha. Mwishowe wakapachika uti wa nyuma, ule wa kuziba upande ulio wazi, mbavu zikafunikwa, mkono wake ukawa hauna tena pa kuingilia. Waliliinua bawa pamoja, wakalitundika ukutani chini ya vipande vingine. Mkia mzima ulikuwa pale, mzuri, hauna ndege. Wifi alipokuja kuuona alifungua kinywa aseme neno, akamtazama kaka yake, akakifunga, jambo ambalo watu wa nyumba ile walilikumbuka muda mrefu.

Kochi likarudi sebuleni. Kompresa ikatolewa jikoni. Na siku iliyofuata mama alirudi kutoka kazini akiwa hoi, kwa kuwa boila lilikuwa limetengenezwa na mashuka ya siku zote zile yalikuwa yamerundikana yanamngoja yeye. Alioga, akala, miguu ikamwelekeza chumbani kwa mazoea. Alipofika mlangoni akasimama. Akamwona Rubani amekaa peke yake sebuleni, mikono juu ya magoti, asijue aiweke wapi.

Akarudi, akakaa karibu naye.

"Haya," alisema. "Sema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Miye nasikiliza."

Rubani alikohoa. Akaanza na habari ya lifti moja ya zamani iliyokuwa ikikwama na wazee wawili waliogombana, mmoja anataka kushuka na mwingine kupanda. Alikuwa anasimulia polepole, kama mtu aliyepoteza mazoea, na mama alitikisa kichwa mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu kichwa hakikuinuka. Alijua anazama. Alijikaza, akajifinya paja, akasema moyoni siyo leo, siku ya kwanza hii. Lakini mwili ulikuwa na deni lake, ukalidai.

Alipozinduka palikuwa pamekuwa giza kidogo, shingo inamuuma, shuka limemfunika magotini, na mezani pana vikombe viwili vya chai ya moto. Mumewe alikuwa bado yuko pale pale.

"Nililala," mama alisema kwa haya.

"Ulilala."

"Hukuniamsha."

"Hapana. Niliendelea tu kusema."

"Sikusikia hata kitu. Wale wazee waliishia wapi?"

"Wale niliwamaliza zamani. Nikaenda kwenye mengine." Alilinyoosha shuka la mkewe. "Ilikuwa rahisi, ukiwa umelala."

Mama akajiinua, akamgeukia. Safari hii hapakuwa na bati, na mumewe alikuwa anamtazama moja kwa moja, ila jicho la kushoto lilikuwa linatazama kando kidogo ya uso wake, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Yarudie. Nimeamka sasa."

"Nilisema naogopa," alisema Rubani. "Naogopa siku itafika nitakusikia unaingia, nisikuone."

Mama alitafuta neno la kumpa moyo, la kumwambia haitakuwa hivyo, na hakulipata, wala hakutaka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Na mimi nimechoka, mume wangu," alisema. "Nimechoka sana. Sijui nitakushika vipi."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza. Mumewe akausogeza mguu wake ukagusana na ule wa mkewe uliovimba, wakakaa hivyo kwenye kochi, kila mmoja na lake, mpaka chai ikapoa mezani na hakuna aliyeikumbuka.